Sakinisha

Katika saiba za Kiganjo, Thika, ni nadra kusikia neno "sakinisha". Fundi husema ameweka programu, au "ameinstoli". Mimi nalitetea neno hili. Kusakini ni kukaa mahali, nalo ni ndugu wa maskani. Kusakinisha programu basi ni kuipa makao ndani ya kompyuta. Asili yake ni Kiarabu, na huko mzizi wake una maana ya kutulia pia. Waliosoma madrasa wanaikumbuka sukuni, alama ya herufi isiyo na irabu.

Utulivu huo unafaa sana leo, kwani programu huweza kusakinishwa kimya, bila maswali. Njia ya madirisha hukusimamisha kila hatua ubofye "endelea". Njia ya amri ni mstari mmoja tu: katika Ubuntu unaandika apt install -y, na hiyo y hujibu "ndiyo" badala yako; katika Windows, msiexec yenye /qn haifungui dirisha lolote. Mwenye kompyuta ishirini za kuhudumia anaijua nafuu yake.

Mafundi wetu, litumieni neno hili. Na mkisakinisha kimya, mwambieni mteja mmeweka nini, kwa sababu kompyuta haikumuuliza.