Juhudi: Neno na Historia Yake katika Nchi ya Singida

Juhudi ni nguvu ya mwili au ya akili ambayo mtu huitoa kwa makusudi ili afikie jambo lisilopatikana kwa urahisi. Asili ya neno ni Kiarabu, kwenye mzizi wa herufi tatu: jim, ha na dal. Katika mzizi huo Kiarabu kina juhd, yaani uwezo wa mtu hadi ukomo wake, na jahd, yaani mashaka na uchovu unaompata anayeufikia ukomo huo. Kiswahili kilichukua juhd na kulipatia irabu ili litamkike, kama kilivyofanya kwa hukm lililokuwa hukumu, na udhr lililokuwa udhuru.

Mzizi huohuo ulizaa maneno mengine yaliyofika pwani ya Afrika Mashariki. Jihadi lilibaki karibu na dini, likiwa na maana ya kupigania imani, ama kwa silaha ama kwa kuishinda nafsi. Ijtihad, ambalo kwa wanasheria wa Kiislamu ni kazi ya mwanachuoni anayejichosha kutafuta hukumu ndani ya Kurani na hadithi, lilitoka msikitini likawa jitihada, neno la kila mtu. Kitenzi jitahidi kinastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Silabi yake ya kwanza inasikika kama kirejeshi ji- cha kujipenda au kujificha, kana kwamba anayejitahidi anajitendea jambo mwenyewe. Kwa asili silabi hiyo ni sehemu ya neno la Kiarabu, na hakuna asemaye amemtahidi mwenzake. Hata hivyo bahati hiyo ya sauti imelifaa neno, maana limeingia katika safu ya kujituma, kujitolea, kujibidisha na kujikakamua bila kuonekana mgeni.

Maana ya kale ya juhd inaonekana wazi katika Sura ya Tawba ya Kurani, aya ya 79, inayowataja watu wasio na cha kutoa isipokuwa juhudi yao, na wanafiki waliowadhihaki. Hadithi inayoeleza aya hiyo inasimulia kwamba sadaka ilipoamriwa, masahaba maskini walikwenda kubeba mizigo kwa ujira ili wapate cha kutoa, na mmoja wao, Abu Aqil, akaleta nusu pishi tu ya tende. Juhudi, basi, ilikuwa tangu mwanzo mali ya asiye na mali. Sehemu hiyo ya maana ndiyo iliyopata maisha marefu zaidi katika bara la Tanzania.

Kiswahili kilipita katika ardhi ya Mkoa wa Singida wa leo kabla ya utawala wa Wajerumani. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, upande wa Tabora, ilivuka Ugogo, kisha ikaingia nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali, ambayo sehemu yake kubwa iko leo upande wa Manyoni na Itigi. Wasafiri Richard Burton na John Speke waliivuka mwaka 1857, na Henry Morton Stanley mwaka 1871. Njia ilikuwa na vituo vyenye majina ya Kiswahili, kama Jiwe la Mkoa, ushahidi kwamba wapagazi na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameizoea njia hiyo kabla yao. Maji yalikuwa haba, vijiji vichache, na mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, pamoja na chakula chake mwenyewe. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi. Maandiko ya wasafiri yanahesabu marobota ya nguo na pembe kwa uangalifu kuliko yanavyowahesabu watu walioyabeba, na hilo ni pengo kubwa katika historia ya kazi ya nchi hii. Reli ya Kati, iliyopita Manyoni na Itigi na kufika Tabora mwaka 1912, ndiyo iliyouondoa upagazi katika njia hiyo.

Wenyeji wa Singida, yaani Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu, hawakungoja neno la pwani ili wajue kufanya kazi. Mvua ya Singida ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka haizidi sana milimita 800. Palizi ya mtama na uwele ikichelewa, mwaka mzima umeharibika. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyeishi Unyaturu mwishoni mwa utawala wa Mwingereza na kuchapisha kitabu chake juu ya uchumi wa Wanyaturu mwaka 1970, alionyesha jinsi ng'ombe, nafaka na nguvu za watu zilivyofungamana: samadi ililisha shamba, shamba likatoa mtama, mtama ukatoa pombe, na pombe ikawakutanisha majirani kwa kazi ya pamoja. Mpango huo ulikuwa na hesabu zake, na aliyekula jasho la wenzake bila kurudisha alijulikana.

Ukoloni ulileta hesabu nyingine. Kodi ilidai fedha, na vijana wengi wa Jimbo la Kati wakaenda kuitafuta katika mashamba ya mkonge, ambako waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Kazi yao iliandikwa kwenye kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na malipo yalikuja kadi ilipojaa. Kipande kilipima siku na kazi iliyofanywa. Hakikuwa na nafasi ya kuandika juhudi.

Wakati huohuo neno jirani, bidii, lilikuwa likijengwa shuleni na kanisani. Wamisionari wa Kilutheri wa Augustana kutoka Marekani walifanya kazi Iramba na Unyaturu, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, ilimsifu katika Mithali mtu mwenye bidii. Bidii na juhudi hukaribiana sana, lakini matumizi yanayatenga. Mtoto ana bidii: hiyo ni tabia yake. Serikali au kijiji kinafanya juhudi: hilo ni tendo, na huweza kuwa la wengi. Watu husema juhudi za wananchi, lakini bidii za wananchi haisikiki vizuri sikioni. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyolipeleka juhudi kwenye siasa.

Mkoa wa Singida ulianzishwa mwaka 1963. Miaka minne baadaye, Februari 5, 1967, Azimio la Arusha lilitangazwa, na ndani yake juhudi na maarifa vikatajwa kuwa masharti ya maendeleo. Hoja ya Azimio ni kwamba maskini hawezi kuifanya fedha iwe silaha yake, kwa kuwa ndicho kitu asicho nacho. Alicho nacho ni watu, ardhi na nguvu zao. Bila kutaja asili yake, Azimio lililirudisha neno kwenye maana ya yule aliyetoa nusu pishi. Toleo la Kiingereza liliandika maneno yenye maana ya kazi ngumu na akili. Tafsiri hiyo inaeleweka, lakini imepunguza kitu. Kazi ngumu inaweza kuamriwa kwa kiboko, ilhali juhudi hutoka kwa anayeifanya. Na maarifa si akili ya kuzaliwa tu, ni ujuzi unaofundishwa. Azimio lenyewe lilitoa mifano ya shambani: jembe kubwa badala ya dogo, plau ya ng'ombe badala ya jembe la mkono, mbolea, na kujua zao linalofaa ardhi. Lilisema pia kwa uwazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, wakati wanaume wengi hupoteza nusu ya maisha yao bila kazi. Maneno hayo yaliwahusu wanawake wa Singida kama wengine wote.

Operesheni ya vijiji, iliyokuwa ya lazima kuanzia mwishoni mwa mwaka 1973, ililijaribu neno hilo vikali. Kaya zilizoishi kwa kutawanyika, kila moja karibu na zizi na shamba lililorutubishwa kwa samadi miaka mingi, zilisogezwa pamoja. Juhudi iliendelea kuhubiriwa, lakini maarifa ya mkulima juu ya udongo wake mara nyingi hayakuulizwa, na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Mwaka 1983 Sheria ya Nguvukazi ilimlazimu kila mwenye uwezo afanye kazi. Jina lake lenyewe linaonyesha lugha ilivyobadilika: nguvukazi ni rasilimali inayopangwa na dola, na juhudi ni ya mtu.

Leo Singida inajulikana kwa alizeti, vitunguu, kuku wa kienyeji na asali ya vichaka vya Itigi na Manyoni. Neno juhudi liko katika hotuba za serikali, katika mawaidha ya misikitini, na katika ripoti za shule. Maneno ya Kinyaturu, Kinyiramba na Kinyisanzu yaliyotaja jasho la shambani, zamu ya majirani na sifa ya mkulima hodari yamebaki zaidi vinywani mwa wazee. Walimu, wanafunzi wa isimu na wenye vyombo vya kurekodi mkoani humo wanaombwa wayakusanye sasa, pamoja na mifano ya matumizi yake, ili kamusi zijazo ziyaweke kando ya juhudi.