Nguvu ya Kukokota

Wapenzi wa matrekta ya zamani wakibishana lipi lilikuwa kali zaidi, hutaja nguvu farasi, kisha idadi ya gia. Lakini kinachoamua kama plau itapita au trekta litakwama ni nguvu ya kukokota: nguvu inayotoka kwenye ndoano ya nyuma, pale zana inapofungwa. Hupimwa kwa nyutoni. Wamarekani walitumia ratili.

Wapo wanaoiita nguvu ya mvuto. Neno hilo tayari lina kazi katika fizikia, ambako ndilo linaloangusha embe chini. Kukokota ni kuvuta mzigo mzito kwa shida, na ndiko lilikotoka neno mkokoteni. Istilahi hii inaeleweka shambani na darasani.

Mwaka 1919 jimbo la Nebraska, Marekani, lilitunga sheria ya kutaka matrekta yapimwe na chuo kikuu kabla ya kuuzwa humo, maana wakulima walikuwa wakiuziwa mashine zisizofikia sifa zilizotangazwa. La kwanza kumaliza majaribio, mwaka 1920, lilikuwa Waterloo Boy N. Lilitambulishwa kwa namba mbili, 12-25: nguvu farasi 12 kwenye ndoano, 25 kwenye puli ya kuzungusha mkanda wa mashine ya kupuria nafaka. Injini ni ileile. Nguvu nyingine huishia kwenye gia, kwenye magurudumu yanayozama na kuteleza, na katika kulisogeza trekta lenyewe.

Gia nazo haziongezi nguvu farasi. Hubadilisha mwendo kwa nguvu ya kukokota. Zidisha kilonyutoni kwa kilomita za saa moja, gawanya kwa 3.6, utapata kilowati. Trekta lenye kilowati 15 kwenye ndoano, likienda kilomita 3.6 kwa saa, linakokota kilonyutoni 15. Likienda 7.2, linakokota 7.5 tu. Waterloo Boy N lilikuwa na gia mbili za mbele, hivyo dereva hakuwa na mwendo wa katikati wa kuuchagua udongo ulipobadilika.

Gia ya chini nayo ina mpaka: magurudumu yakianza kuteleza, injini haina la kufanya. Hapo huhitajika uzito, ndiyo sababu madereva hufunga vyuma au kujaza maji kwenye tairi za nyuma.

Basi, anayelinganisha matrekta mawili aulize mambo matatu kwa pamoja: yanakokota kiasi gani, kwa mwendo gani, na yana uzito gani. Namba moja peke yake haimsaidii mkulima kuchagua plau.