Kitako na Sakafu: Maneno Mawili kwa Taa Mmoja

Mwambie fundi wa vioo kwamba unataka akwaria ya kufugia taa, naye atauliza kwanza, "Ya lita ngapi, bosi?" Kwa samaki wanaoelea katikati ya maji swali hilo linatosha. Kwa taa halitoshi hata kidogo, na mimi nadhani kosa linaanzia kwenye msamiati wetu kabla ya kufika kwenye kioo.

Taa ninayemzungumzia si yule wa bahari yetu, ni wa maji baridi: Potamotrygon motoro, wa mito ya Amerika Kusini, kama Amazon na Orinoco. Wataalamu wawili wa Kijerumani, Müller na Henle, ndio waliompa maelezo ya kisayansi mwaka 1841. Huuzwa akiwa mdogo, wa kutosha kwenye sahani ya chai, na hapo ndipo mnunuzi hudanganyika, maana mwili wake wa mviringo hufika upana wa nusu mita na zaidi. Hushinda chini. Hujifukia mchangani hata yakabaki macho na matundu mawili yaliyo nyuma yake. Kinywa kiko upande wa tumbo, hivyo akijifukia huvuta maji ya kupumulia kwa matundu hayo ya juu. (Mkiani ana mwiba wenye sumu, asiyejua na asiingize mkono.)

Sasa tupige hesabu. Akwaria ya urefu wa sentimita 200, upana 100 na kimo 60 inachukua lita 1,200. Yenye urefu wa 150, upana 80 na kimo 100 nayo inachukua lita 1,200 zilezile. Fundi akiambiwa lita tu, yoyote kati ya hizo mbili ni halali yake. Lakini ya kwanza ina mita mbili za mraba za kulalia, ya pili ina moja nukta mbili. Taa wa nusu mita katika upana wa sentimita 80 ni kama gari kubwa kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe: kuingia ataingia, tatizo ni kugeuka.

Wafugaji wanaotumia Kiingereza wana neno la kipimo hiki: "footprint". Wakisema hivyo wana maana ya eneo ambalo chombo kinalikalia, urefu mara upana, bila kujali kimo. Mtafsiri mwenye haraka ataandika "unyayo", na atakuwa amekosea. Akwaria haitembei ikaacha alama. Tena unyayo umeshalemewa na kazi nyingine: tunao unyayo wa kaboni, na Kenya neno Nyayo lina historia yake ya kisiasa ambayo haihusiani na samaki.

Kiswahili kina neno zuri zaidi, nalo ni kitako. Chungu kina kitako, mtungi una kitako, hata bunduki inacho. Nasi tukichoka hukaa kitako. Neno limebeba wazo lenyewe: sehemu ambayo kitu kinaikalia na kuiachia uzito wake. Kwa hiyo kitako cha akwaria ndicho anachopaswa kukijua fundi wa kuchomelea stendi na mwenye nyumba. Lita 1,200 ni kilo 1,200 za maji peke yake, kabla ya kioo na mchanga. Kwenye kitako cha mita mbili za mraba kila mita inabeba kilo 600. Kwenye kile kidogo, kilo 1,000. Hapa ndipo istilahi ya shuleni, kanieneo, inapojieleza: kani juu ya eneo. Kioo nacho kinasukumwa na kina cha maji, si wingi wa lita, na ndiyo maana akwaria pana ya kimo kifupi haihitaji kioo kinene kama ile ndefu ya kwenda juu.

Ila kitako hakimalizi maana yote. Hicho ni cha nje. Samaki analala ndani, juu ya sakafu, na sakafu huweza kuliwa huku kitako kikibaki palepale. Weka jiwe la urembo, weka gogo, laza bomba la chujio, na ile mita ya mraba uliyoilipia imekwenda. Kiingereza hutumia neno moja kwa yote mawili, sisi tuyatenganishe. Ninapendekeza sakafu huru: eneo la ndani linalobaki baada ya kutoa kila kilichosimamishwa au kulazwa chini. Hita isikae juu yake kabisa, maana taa huilalia na kuungua. Iwekwe kwenye tangi la chujio. Na mchanga uwe laini. Wa ufukweni haufai hapa: chembe za makombe na matumbawe huyeyuka polepole na kuyafanya maji kuwa magumu.

Kuhusu jina la chombo chenyewe, sina ugomvi na akwaria, ingawa katika Kilatini cha kale aquarium palikuwa mahali pa kunyweshea mifugo. Lakini kwa chombo kipana cha kimo kifupi, mimi nachagua birika. Zamani, katika nyumba za mawe za Lamu, birika la bafuni liliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na kwenye sakafu yake likajengewa bakuli la kauri, ili maji yakipungua samaki wabaki na mahali pao. Mjenzi huyo aliiwazia sakafu ya samaki wake kabla sisi hatujaanza kubishania lita.

Basi ukienda kuagiza, mwandikie fundi hivi kwenye karatasi: "Birika la taa. Kitako sentimita 200 kwa 100. Kimo 60. Sakafu iachwe huru, mabomba yote yapite juu." Akiuliza lita, mwambie azidishe mwenyewe.