Sili ya Oili Ndiyo Inalaumiwa Bure

Wasee, tuseme ukweli. Gari ya zamani ikiacha doa la oili chini, jibu huwa ni moja tu: "Injini imekwisha, tafuta nyingine." Mimi nakataa. Na sikatai kwa ubishi tu, historia ya hii kitu iko upande wangu.

Anza na Volkswagen Beetle, gari iliyoshinda Safari Rally mwaka 1962. Upande wa puli, krankshafti yake haina sili ya mpira kabisa. Kuna kisahani kinachorusha oili, na mtaro uliochongwa kwenye puli kama uzi wa skrubu. Injini ikizunguka, huo mtaro unarudisha oili ndani. Morris Minor nayo ilitegemea mtaro wa aina hiyo upande wa nyuma. Injini zingine zilizibwa na kamba iliyosokotwa na kupakwa grafiti. Ukizima injini, tone moja mawili yanadondoka na hakuna mtu anashtuka. Kwa hivyo mzee akikwambia magari ya kitambo yalikuwa hayavuji, mheshimu, lakini usimwamini.

Sili tunayoijua leo ilitoka kwa watu wa ngozi. Kiwanda cha Freudenberg, mji wa Weinheim huko Ujerumani, kilianza biashara ya ngozi mwaka 1849. Uchumi wa dunia ulipoanguka mwaka 1929, ngozi ikakosa wanunuzi, nao wakaanza kutengeneza sili za ngozi za kuuzia viwanda vya magari. Mhandisi wao Walther Simmer akaifunga ngozi ndani ya pete ya chuma, na mpaka leo Wajerumani wanaiita Simmerring. Mwaka 1936 wakaanza kutumia mpira wa kutengenezwa badala ya ngozi. Mwaka 1957 kampuni ya DuPont ikaleta Viton, mpira unaovumilia joto zaidi.

Sasa sikiza hapa, maana ndipo pesa yako inapotea.

Kila injini huvujisha gesi kidogo kutoka juu ya pistoni, inapita kwenye ringi na kushuka kule chini kwenye oili. Zamani hiyo gesi ilitolewa nje na bomba lililoelekea barabarani, basi. Kisha Los Angeles ikajaa moshi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 jimbo la California likalazimisha magari mapya yawe na valvu ya kuirudisha hiyo gesi ichomwe tena ndani ya injini. Ilikuwa hatua nzuri kwa hewa. Lakini tangu siku hiyo injini ilifungwa, na inapumua kupitia kavalvu kadogo na hosi. Vikiziba, presha inapanda ndani na kutafuta pa kutokea. Panapoachia haraka ni pale kwenye sili, hasa kama mpira umeshakauka kwa miaka ya joto.

Hii tuliijua kwa uchungu. Gari ya babangu, ya mwaka 1996, ilibadilishwa sili ya nyuma mara mbili. Kila mara geaboksi inashushwa, klachi inatolewa, na Baba analipa. Baada ya wiki chache, doa limerudi. Tulikuwa karibu kuiuza kwa bei ya vyuma. Kisha fundi mmoja wa jua kali, mzee wa makamo, akaja na hata hakuinama chini ya gari. Alichomoa hosi ya kupumulia, akaipuliza, hewa haikupita. Ilikuwa imejaa tope jeusi. Akamwambia Baba, "Mzee, huyu mgonjwa alikuwa amezibwa pua." Hosi na valvu zikabadilishwa, kisha sili mpya mara ya tatu. Haijavuja tena.

Kwa hivyo kabla hujakubali geaboksi ishushwe, uliza maswali matatu. Kwanza, oili inatoka wapi hasa? Safisha injini, endesha, kisha angalia, kwa sababu oili ya gasketi ya juu hushuka na kujifanya ni sili. Pili, valvu na hosi ya kupumulia zinapitisha hewa? Kama ziko sawa na bado injini inapuliza kwa nguvu pale unapotilia oili, hapo ringi ndizo zimechoka, na hiyo ni hadithi nyingine. Tatu, shafti imechimbika pale sili inapogusa? Kama imechimbika, sili mpya iwekwe pahali tofauti kidogo, ama shafti ivalishwe pete nyembamba.

Sipigi vita mafundi. Huyo aliyetuokoa pia ni fundi. Ninachosema ni hiki: sili inavuja, lakini mara nyingi si yeye aliyeanza. Ulizeni kwa nini kabla ya kuuliza ni pesa ngapi.