Matumizi ya insulini wakati wa kazi

Matumizi ya insulini wakati wa kazi ni namna mgonjwa wa kisukari anayechoma sindano za insulini anavyopanga dozi, chakula na vipimo ili afanye kazi bila sukari ya damu kupanda au kushuka kupita kiasi. Jambo hili linawahusu wote wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambao hawawezi kuishi bila insulini, na baadhi ya wenye aina ya pili. Katika Bagamoyo na pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam mpango huo una ugumu wake, kwa kuwa kazi nyingi hufanyika juani au majini, na saa zake hufuata maji kupwa na kujaa.

## Historia

Insulini iligunduliwa mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, na Frederick Banting na Charles Best, wakishirikiana na John Macleod na James Collip. Januari 1922 Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alikuwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa nayo. Kabla ya hapo mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza hakutarajiwa kuishi muda mrefu. Siku ya Kisukari Duniani huadhimishwa tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting.

## Dozi, chakula na jasho

Insulini ya mchanganyiko huwa na sehemu ya haraka na sehemu ya polepole. Kwa kawaida huchomwa mara mbili kwa siku, nusu saa hivi kabla ya kifungua kinywa na kabla ya chakula cha jioni. Sehemu ya polepole hupata nguvu zaidi saa kadhaa baadaye. Kwa hiyo aliyechoma saa 12 asubuhi hana budi kula mchana kwa wakati, kwani dozi ikishaingia mwilini haiwezi kurudishwa.

Kazi ya nguvu nayo hushusha sukari. Misuli huendelea kuichukua hata saa nyingi baada ya kazi kwisha, hivyo sukari inaweza kushuka usiku mtu akiwa amelala.

Mfano ni kilimo cha mwani huko Mlingotini, Bagamoyo. Wakulima huingia shambani maji yakikupwa, hasa siku za bamvua. Kupwa huchelewa kwa karibu dakika 50 kila siku, hivyo saa za kazi hubadilika ilhali saa ya sindano ni ileile. Mkulima anayetumia insulini huhitaji kula kabla ya kuingia majini, kubeba kitu kama ndizi au muhogo wa kuchemsha, na kukubaliana mapema na daktari kuhusu kupunguza dozi siku za kazi nzito. Kwa mvuvi wa usiku mambo hugeuka: dozi ya jioni hufanya kazi wakati anapovuta nyavu.

Mwislamu anayetaka kufunga Ramadhani hupaswa kumwona daktari kabla ya mwezi kuanza, maana dozi na saa zake hubadilika. Dini humruhusu mgonjwa kutofunga.

## Sukari kushuka

Sukari iliyo chini ya milimoli 4 kwa lita huhesabiwa kuwa imeshuka. Dalili zake ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, ulimi kuwa mzito na kuchanganyikiwa. Wasiojua humdhania mgonjwa amelewa, wakamwacha au wakamfukuza, na kuchelewa huko kunaweza kumgharimu maisha.

Anayeweza kumeza hupewa sukari gramu 15 hadi 20, yaani vijiko vya chai 3 au 4 katika maji, au soda ya kawaida karibu nusu glasi hadi glasi ndogo. Soda isiyo na sukari haisaidii, na maji ya dafu yana sukari kidogo kuliko soda. Baada ya dakika 15 hupimwa tena. Ikiwa bado iko chini hurudiwa, kisha hula chakula. Aliyezimia halishwi wala hanyweshwi kitu: hulazwa ubavu na kukimbizwa hospitali.

Kwa sababu hiyo inafaa angalau mwenzake mmoja kazini ajue ugonjwa wake na mahali anapoweka sukari. Chomboni huwekwa katika chupa yenye kifuniko ili isilowe. Dereva, pamoja na wa bodaboda, hupaswa kupima kabla ya kushika usukani.

## Kuhifadhi insulini

Chupa isiyofunguliwa huwekwa katika nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi, bila kugandishwa. Inayotumika hukaa nje ya friji karibu wiki 4, mbali na jua na joto kali. Utafiti uliofanywa kuhusu kambi ya Dagahaley, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba insulini ilibaki na nguvu kwa wiki 4 katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Chungu cha udongo chenye maji husaidia kupoza, ingawa katika hewa yenye unyevu ya pwani hupoza kidogo kuliko sehemu kavu za bara.

## Haki kazini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 mapumziko ya dakika 60. Mapumziko hayo humpa nafasi ya kupima na kula. Mvuvi au mkulima anayejiajiri hana wa kumpa mapumziko. Hujipangia mwenyewe pamoja na wenzake.