Upakaji wa makaa katika kibuyu cha mursik

Upakaji wa makaa ni hatua ya kuandaa ukuta wa ndani wa kibuyu kabla ya kutiwa maziwa ya mursik, kinywaji cha maziwa yaliyochachuka cha Wakalenjin. Katika kaunti za Kericho na Bomet, nchi ya majani chai, ufundi huu ni wa Wakipsigis, na kwa desturi ni kazi ya wanawake. Ndio unaotenganisha mursik na maziwa lala ya kawaida.

Chombo. Kibuyu, kwa Kikipsigis *sotet*, ni tunda la mmumunye (*Lagenaria siceraria*) lililokaushwa. Ganda la nje huwa gumu, lakini upande wa ndani hubaki na nyama yenye vinyweleo na uchungu. Kwa hiyo kibuyu kipya hutobolewa mdomo, hukwanguliwa mbegu na nyuzi, kisha hulowekwa maji yanayobadilishwa mara kwa mara hadi uchungu uishe. Kikiachwa bila kupakwa, ukuta hunyonya maziwa, na mabaki huharibu yale yatakayofuata.

Makaa. Mti unaopendwa zaidi ni *senetwet* (*Senna didymobotrya*), kichaka chenye maua ya manjano. Wamaasai, majirani wa Wakipsigis, hufukiza vibuyu vyao kwa *oloirien*, yaani mzeituni wa porini.

Upakaji. Kibuyu huoshwa na kukaushwa kabisa, kwa sababu unyevu huufanya unga wa makaa ushike kwa mabonge. Makaa ya moto ya senetwet hutiwa ndani, yakapondwa na kusuguliwa kwa *sosiot*, brashi ndefu ya kuti la mkindu ambalo ncha yake imetwangwa ikawa nyuzi. Brashi hupita kutoka shingoni hadi kitakoni mpaka tabaka jeusi lienee sawasawa, kisha unga uliozidi hukung'utwa. Unga hujaza vinyweleo, joto hukausha ukuta, na moshi huacha harufu inayotambulisha mursik. Kibuyu kikioshwa, hupakwa upya.

Maziwa. Maziwa huchemshwa, hupozwa, humiminwa na kufunikwa. Bakteria wa asidi ya laktiki huyachachusha kwa siku kadhaa, polepole katika baridi ya nyanda hizi zenye mwinuko wa takriban mita 2,000. Hutikiswa kabla ya kunywewa, yakawa na rangi ya kijivu inayoelekea buluu.

Afya na urithi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta asetaldehidi, kemikali inayohusishwa na saratani ya umio, katika sampuli za mursik. Suala hili ni zito mno Bomet, ambako Hospitali ya Tenwek huhudumia wagonjwa wengi wa saratani hiyo. Asetaldehidi hutokana na vijidudu vya uchachushaji, wala tabaka la makaa haliwezi kuchukua nafasi ya usafi na maziwa yaliyochemshwa. Mursik bado hulaki wanariadha wanaorudi na ushindi, na sasa huuzwa pia katika chupa za plastiki. Anayetaka kuurithisha ufundi huu amfundishe binti kukausha kibuyu na kukisugua kila pembe, kwani ubora wa maziwa huamuliwa kabla hayajamiminwa.