Sulla Alipong'atuka

Nilipokuwa mwanafunzi nilimpenda Lucius Cornelius Sulla kwa jambo moja: aling'atuka. Alikuwa dikteta wa Roma, hakuna aliyeweza kumwondoa, lakini aliweka madaraka chini mwenyewe na kurudi kuwa raia wa kawaida. Alikufa mwaka 78 KK kwa maradhi, si kwa upanga.

Kisha nikasoma kurasa za nyuma.

Mwaka 88 KK Sulla, akiwa konsuli, alikabidhiwa vita dhidi ya Mfalme Mithridates wa Ponto. Wapinzani wake wakamnyang'anya na kumpa Marius, mkubwa wake wa zamani katika vita vya Numidia. Sulla akawageuza askari wake, akaingia nao Roma. Karibu maofisa wake wote walikataa kumfuata, askari hawakukataa. Aliporudi na kushinda tena mwaka 82 KK, alibandika hadharani orodha za majina. Aliyeandikwa aliuawa na yeyote aliyemkamata, mali yake ikapigwa mnada.

Ndipo akatunga sheria za kulipa nguvu Seneti, akaondoka.

Sheria nyingi hazikudumu. Kilichodumu ni mfano: jeshi linaweza kuiteka Roma. Mwaka 49 KK Julius Caesar alivuka mto Rubicon na askari wake. Inasimuliwa kwamba alimcheka Sulla kwa kung'atuka. Yeye alikubali kuwa dikteta wa maisha.

Bado naheshimu kuondoka kwa Sulla. Ila siku hizi naanza kusoma kisa chake pale alipoingia.